Mgeni Katika Pasaka ya Wenyewe

Anayetaka kuiona Ugiriki bila kuungua jua hupewa ushauri uleule na karibu kila aliyewahi kufika: nenda Aprili au Mei. Wakati huo milima ya Peloponnese imejaa maua ya mwituni. Bahari bado ni ya baridi, lakini hewa inafaa kutembea kutwa. Vyumba vya wageni havijapanda bei, na foleni ya kupanda kilima cha Acropolis jijini Athens haijawa ile ya Julai. Nchi hiyo ina watu wapatao milioni 10, na mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya milioni 35, wengi wao wakija kiangazi. Tangu Septemba 2023 serikali imeweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku pale Acropolis, na kila tiketi ina saa yake ya kuingia. Katika kiangazi cha 2023 na cha 2024 kilima hicho kilifungwa saa za mchana kwa siku kadhaa kwa sababu ya joto kali. Kwenda mapema ni busara.

Ila anapofungua kalenda kutafuta juma lake, msafiri hukuta sehemu ya msimu huo imeshashikwa na wenyeji wenyewe. Ni Pasaka.

Na Pasaka hiyo haiendi na ile inayojulikana na Wakristo wengi wa Afrika Mashariki. Kanuni ya msingi ni moja, tangu enzi za Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza baada ya usiku na mchana kulingana mwezi Machi. Tofauti imo kwenye hesabu. Waorthodoksi bado wanaipiga kwa kalenda ya Julius Caesar, ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13, kwa hiyo Machi 21 yao huangukia Aprili 3 ya kalenda ya kawaida, na mwezi mpevu wa jedwali lao nao huchelewa siku kadhaa. Ndiyo maana mwaka 2024 Roma iliadhimisha Pasaka tarehe 31 Machi na Athens tarehe 5 Mei. Mwaka 2025 zilikutana 20 Aprili. Mwaka 2027 zitaachana kwa majuma matano, 28 Machi na 2 Mei.

Katika Juma Kuu nchi nzima hubadilika. Waumini wanaoshika mfungo hawajaonja nyama, mayai wala maziwa tangu Jumatatu Safi, siku inayofungua Kwaresima. Usiku wa Alhamisi Kuu wanawake hukesha kanisani wakipamba kwa maua jeneza la mbao litakalobeba kitambaa kilichotariziwa sura ya Kristo aliyelazwa, kinachoitwa Epitaphios. Ijumaa kengele hugongwa polepole kama za msiba, na bendera hupepea nusu mlingoti. Usiku huo kila parokia hulitoa jeneza lake nje na kulizungusha mitaani, watu wakifuata na mishumaa. Katika kijiji cha Kamini, kisiwani Hydra, wanaolibeba huingia nalo baharini.

Jumamosi Kuu asubuhi, watu wa kisiwa cha Corfu hutupa mitungi ya udongo kutoka kwenye roshani zao na kuivunja barabarani. Jioni ndege hutua Athens ikiwa na moto uliowashwa siku hiyohiyo katika Kanisa la Kaburi Takatifu huko Yerusalemu, nao hupokewa kwa heshima anazopewa kiongozi wa nchi. Kabla ya saa sita usiku taa za makanisa huzimwa. Padri hutoka na mwali mmoja, watu huwashiana mishumaa, na saa sita ikigonga ndipo hutangazwa kwamba Kristo amefufuka. Kila familia hujitahidi kufika nyumbani na mwali bila kuzimika, ikachora kwa moshi wake msalaba juu ya kizingiti cha mlango. Kisha mfungo hufunguliwa kwa supu ya matumbo ya mwanakondoo iitwayo magiritsa, na mayai mekundu hugonganishwa kuona la nani litabaki zima.

Hakuna msafiri mwenye moyo asiyetamani kuyaona haya, na hapo ndipo swali linapozaliwa. Je, ni halali mtu kusafiri kwenda kuitazama ibada ya wenzake? Anayesimama kando ya barabara na simu mkononi, wakati wengine wanamzika Bwana wao, yuko pale kama nani?

Kuna majibu mawili mepesi. La kwanza husema ibada inaelekezwa kwa Mungu, kwa hiyo mtazamaji haiongezei wala haipunguzii kitu. Jibu hili halijui macho ya watu yana nguvu gani. Katika Injili ya Mathayo, sura ya sita, Yesu anawaonya wanafunzi wake dhidi ya kusali ili waonekane, na onyo hilo lisingekuwa na maana kama kutazamwa hakumgeuzi anayesali. Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wanalijua hili kwa uzoefu. Maulidi ya Lamu na Mwaka Kogwa wa Makunduchi zimekuwa na wageni wenye kamera kwa miaka mingi. Kijana anayejua kwamba anapigwa picha hucheza tofauti na yule anayecheza mbele ya wazee wake. Mtazamaji akizidi, taratibu sherehe huanza kupangwa kwa ajili yake: saa inasogezwa imfae, mahali panapanuliwa apate kuona, na sehemu asizozielewa zinafupishwa.

Jibu la pili linataka asiyehusika abaki kwake. Hili nalo linavunjwa na wenyeji wenyewe. Msafara wa Epitaphios hupita barabarani kwa makusudi. Milango ya kanisa iko wazi, na hakuna anayesimama kizingitini kuuliza nani amebatizwa wapi. Zaidi ya hayo, katika ardhi hiyohiyo, karne nyingi kabla ya Ukristo, kutazama kulikuwa sehemu ya ibada. Miji ya kale ya Wagiriki ilituma wajumbe rasmi kwenda Olympia na Delphi, kazi yao ikiwa kuhudhuria sherehe za miungu, kutoa sadaka kwa niaba ya mji na kurudi na habari. Walikwenda kutazama, na kutazama kwao kulihesabiwa kuwa heshima kwa mungu na kwa wenyeji.

Kwa hiyo suala halisi ni aina ya macho anayokwenda nayo mtu. Wanafalsafa wa nchi hiyo walilishughulikia mapema kuliko inavyodhaniwa. Plato anaifungua Jamhuri yake kwa safari fupi: Socrates ameteremka bandarini Piraeus kumwomba mungu wa kike wa Wathraki, watu wa kigeni, na pia kuona sherehe yake itaendeshwaje, kwa kuwa ndiyo kwanza inafanywa pale. Anausifu msafara wa wenyeji, na anakiri kwamba ule wa wageni haukupungua uzuri. Sala na udadisi vimo ndani ya mtu mmoja, katika alasiri moja, na Plato haoni mgongano wowote. Mazungumzo marefu kuhusu haki yanaanza hapo, kwa watu waliokuwa wametoka kutazama ibada isiyo ya mababu zao.

Katika Sheria, kitabu cha uzeeni mwake, Plato ni mkali zaidi. Anagawa wageni wanaoingia katika mji katika aina nne. Wa kwanza ni wafanyabiashara wanaokuja kila kiangazi kama ndege wahamao. Hao wapokewe sokoni na bandarini, nje ya mji. Wa pili ni wanaokuja kushibisha macho na masikio kwa maonyesho na nyimbo. Wa tatu ni wajumbe wa serikali, na wa nne ni mtu adimu, asiyepungua umri wa miaka 50, anayetafuta jambo jema la kujifunza au anayelo la kufundisha. Cha kushangaza ni anavyomtendea yule wa pili, ambaye leo angeitwa mtalii. Plato hamfukuzi wala hamdharau. Anaagiza alale katika nyumba za wageni zilizo karibu na mahekalu, makuhani wamtunze, akae muda wa kutosha hadi aone na kusikia alichokijia, kisha aende zake bila kudhuru wala kudhuriwa. Mgeni wa macho anawekwa chini ya uangalizi wa madhabahu. Anayetaka kuona ibada akubali kwanza kuwa mgeni wa wanaoabudu.

Mtu aliyeyaishi haya ni Pausanias, Mgiriki kutoka Asia Ndogo aliyezunguka Ugiriki katika karne ya pili baada ya Kristo na kuandika vitabu kumi vya maelezo ya miji, mahekalu na desturi zake. Wanaochimba mambo ya kale wanamtegemea hadi leo. Alipofika Eleusis, umbali wa kilomita ishirini hivi kutoka Athens, mahali palipofanyiwa ibada za siri za mungu wa kike Demeter, kalamu yake ilisimama. Anaeleza kwamba ndoto ilimkataza kuandika yaliyo ndani ya ukuta wa patakatifu, na kwamba ambao hawajaingizwa katika ibada hizo hawana haki hata ya kusikia habari za yale wasiyoruhusiwa kuyaona. Mwandishi ambaye kazi yake nzima ilikuwa kueleza anachokiona alikubali kuacha pengo katikati ya kitabu chake.

Huko Phigalia, katika milima ya Arcadia, alifanya jambo jingine. Alikwenda hasa kwa ajili ya Demeter wa mahali hapo, na alipofika hakuchinja mnyama, kwa sababu wenyeji hawakuwa na desturi hiyo. Wao walitoa matunda ya mizabibu, masega ya asali na sufu isiyosokotwa, wakayamiminia mafuta. Alikuwa mtafiti, na bado alishika utaratibu wa nyumba aliyoingia.

Anayepanga safari ya Pasaka anaweza kuanza na Pausanias. Mambo mawili aliyoyafanya, kunyamaza Eleusis na kushika desturi ya sadaka ya wenyeji Phigalia, ndiyo yanayomtenga mgeni na mtazamaji. Mtazamaji hujiona ana haki ya kila kilicho mbele ya macho yake. Mgeni hukubali kwamba kuna asiyoonyeshwa, na kwa yale anayoonyeshwa hujiweka chini ya kawaida za mwenye nyumba. Heshima yake hupimwa kwa anachokubali kukiacha.

Wapo ambao macho yao yaliwafikisha mbali kuliko walivyokusudia. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1937, mwanafalsafa Mfaransa Simone Weil, aliyekuwa na miaka 28, alizunguka Italia akitazama michoro na kusikiliza muziki wa makanisa. Alitoka katika familia ya Kiyahudi isiyoshika dini, na hakuwa na desturi ya kusali. Huko Assisi aliingia peke yake katika kikanisa kidogo cha kale ambamo Mtakatifu Fransisko alikuwa akisali mara nyingi, na humo, kama alivyoeleza baadaye, kitu chenye nguvu kuliko yeye kilimlazimisha apige magoti kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka uliofuata alipitisha Juma Kuu katika abasia ya Solesmes, Ufaransa, akifuata ibada zote huku kichwa kikimuuma vibaya. Hata hivyo hakukimbilia ubatizo. Alichagua kubaki kizingitini mwa Kanisa kwa miaka yote iliyofuata, akifundisha kwamba usikivu mkamilifu ndio kiini cha sala.

Kisa hiki kina uzito kwa wote wawili, mwenyeji na mgeni. Mwenyeji anayemfukuza mtazamaji hajui anamfukuza nani. Mgeni naye, anayedhani anakwenda kuona tu, hajui atarudi akiwa na nini, na ni vizuri akilijua hilo kabla ya kununua tiketi.

Upande huo wa mgeni hausemwi vya kutosha. Mwislamu wa Tanga au Mpentekoste wa Eldoret anayesimama katika ua wa kanisa la Kigiriki ana dhamiri yake mwenyewe ya kulinda. Je, kushika mshumaa ni adabu au ni kushiriki? Kuitikia tangazo la ufufuko, je? Waorthodoksi wenyewe wanamsaidia, kwa sababu mipaka yao iko wazi. Komunyo ni ya Waorthodoksi waliojiandaa tu, na asiye mmoja wao hatarajiwi kuijongea. Ila mwisho wa Liturujia padri hugawa vipande vya mkate uliobarikiwa, antidoron, na katika parokia nyingi hata mgeni wa imani nyingine hupewa. Kuna meza asiyokaribishwa, na kuna mkate anaopewa. Mpaka huu unamlinda mwenyeji asigeuziwe siri yake kuwa kionjo cha watalii, na unamlinda mgeni asitamke kwa kinywa yale ambayo moyo wake haujayakiri. Anaweza kusimama kwa heshima, akaacha mshumaa kama dhamiri yake inamzuia, na hakuna atakayemwona mkosefu.

Litatokea pingamizi la riziki: vijiji na visiwa hivyo vinaishi kwa wageni, na mwenye hoteli hajali kama mteja wake ni mcha Mungu. Ni kweli, na waliosema mgeni njoo mwenyeji apone waliliona zamani. Lakini haohao waliongeza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Fedha ni neema ya siku mbili za mwanzo. Haimpi mtu nafasi mbele ya jeneza, na haimwondolei wajibu wa kubeba sehemu ya mzigo wa nyumba aliyofikia, hata kama mzigo wenyewe ni kukaa kimya au kula chakula cha mfungo Ijumaa Kuu bila kunung'unika kwamba mgahawa haupiki nyama.

Ndipo kupanga safari kunapokuwa tendo la kimaadili. Msafiri wa kawaida huanza na orodha ya vitu anavyotaka kuviona, kisha huzibana siku zienee. Mgeni huanza na kalenda ya wenyeji. Atajua kwamba Jumapili ya Pasaka maeneo ya kale hufungwa, na hatakasirika mbele ya lango. Atajua kwamba meli za Ijumaa na Jumamosi zimejaa Wagiriki wanaorudi vijijini kwao, na atasafiri Jumatatu au Jumanne ya Juma Kuu ili asimnyang'anye mtu nafasi ya kufika kwa mama yake. Akienda Meteora, ambako monasteri sita bado zina watawa juu ya miamba ambayo hadi miaka ya 1920 ilipandwa kwa kamba na nyavu, ataangalia kila moja inafunga siku gani, na mwanamke atabeba sketi ndefu.

Mlima Athos ni mgumu zaidi. Rasi hiyo yenye monasteri 20 hairuhusu mwanamke kukanyaga, na mwanamume asiye Mworthodoksi huomba kibali kinachotolewa kwa nafasi chache sana kwa siku. Katazo hilo limelaumiwa, hata katika Bunge la Ulaya, na anayeliona ni dhuluma ana haki ya kusema. Hata hivyo watawa wale wameishi pale zaidi ya miaka elfu moja bila kumwalika mtu kuja kuwatazama. Mahali pa namna hiyo pana faida hata kwa wasiofika, kwa kuwa panakumbusha kwamba dunia haikuumbwa ili iishe kutazamwa.

Kwa baadhi ya wasomaji wa Kiswahili, Pasaka hii si ya kigeni hata kidogo. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Kenya na Uganda yalianzishwa na Waafrika wenyewe kabla ya Vita Kuu ya Pili, Reuben Spartas akiwa miongoni mwa waasisi upande wa Uganda, na mwaka 1946 yakapokewa rasmi na Patriarki wa Aleksandria. Mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios III, aliyekuwa pia Rais wa Kupro, alibatiza maelfu ya watu nchini Kenya na kuweka msingi wa seminari iliyopo Riruta, Nairobi. Baadhi ya waumini hao huimba Liturujia kwa Kiswahili, na wote huadhimisha Pasaka siku ileile na Athens. Mmoja wao akisimama usiku wa manane katika uwanja wa kijiji cha Ugiriki, atasikia kwa lugha asiyoijua maneno ambayo amekuwa akiyaimba tangu utotoni. Wenyeji watamwona mgeni kwa sura, kumbe yuko kwao.

Lakini hata yeye atapita kwenye dirisha la viza. Mtanzania au Mkenya hulipa euro 90, huonyesha bima ya matibabu ya euro 30,000 au zaidi, hueleza atalala wapi na atarudi lini. Mzungu anayekuja Zanzibar kuona Mwaka Kogwa hupata viza yake kwa urahisi zaidi. Tofauti hiyo ni dhuluma na inastahili kuitwa hivyo. Aliyeionja, aliyelazimika kuthibitisha mbele ya karani kwamba kuja kwake kuna sababu njema, anafahamu kuliko wengi kwamba kufika kwa watu kunahitaji ruhusa.

Maombi ya viza hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo anayeilenga Pasaka ya 2027 aanze makaratasi mwishoni mwa Oktoba 2026. Ijumaa Kuu itakuwa 30 Aprili. Ni vyema achague parokia moja, ya kijiji au ya mtaa, akae hapo kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu badala ya kukimbizana na visiwa vitatu. Usiku wa Jumamosi, baada ya tangazo la saa sita, watu wengi huondoka kwenda kula na Liturujia huendelea na wachache. Anayetaka kusikiliza asubiri wakati huo, maana nafasi ipo na hamzuii mtu. Na kabla ya kulipia chumba, amwandikie mwenye nyumba amuulize kama Jumapili kuna kazi ya kumpa. Mwanakondoo mzima huokwa kwa saa nyingi juu ya makaa, na mti unaomshikilia unahitaji mikono ya kupokezana kuuzungusha tangu asubuhi.